Hodi ya Mwenye Nyumba

4 Februari

Mpwa wangu Pini,

Salamu zikukute mzima, na kama una mafua yakuhame kabla hujafika chini ya ukurasa huu. Mimi huku ni mzima kupita kiasi. Juzi nilinyanyua kabati la marehemu Bibi yako peke yangu, nguo zake zikiwa ndani, nikalitoa chumbani mpaka sebuleni bila kupumzika hata kidogo. Jirani aliyeniona tangu siku hiyo ananisalimia kwa kuinama. Mgongo unauma kidogo, lakini ni maumivu ya kishujaa.

Paka wa Bibi amezaa tena, safari hii kule stoo, juu ya gunia la makaa, watoto wote wametoka weusi hata sijui ni rangi au ni vumbi. Paa halivuji, isipokuwa pale linapovuja siku zote.

Sasa jambo lenyewe. Kaa chini. Mjomba wako amekuwa mwekezaji.

Ilikuwa hivi. Dalali mmoja alipita hapa, akaiangalia nyumba kama anayeangalia ng'ombe mnadani, akaniambia, "Mzee, unalala juu ya hazina." Nikamwambia kwanza mimi si mzee. Akasema mtu mmoja kukaa peke yake kwenye vyumba vitatu na sebule ni sawa na mtu kuvaa mashati matatu na wenzake wako kifua wazi. Akaondoka. Nikawaza mpaka chai ikapoa. Wewe unajua mimi shule niliiacha darasa la tano kwa sababu mwalimu aliishiwa la kunifundisha, lakini kichwa kilibaki kinafanya kazi. Nikaona: hii nyumba imenilisha usingizi bure miaka yote, sasa na inilishe na wali.

Nimepaka rangi ya samawati. Nimefanya utafiti: mpangaji akitulia moyo hachelewi kulipa kodi, na samawati inatuliza. Nimepigilia namba milangoni kama hotelini. Mbele nimesimamisha kibao, nimekiandika kwa mkono wangu: VYUMBA VYA KIMATAIFA. ULIZA KWA MWENYE NYUMBA. Chini yake mshale mkubwa mwekundu unaoonyesha nyuma. Watu wanasimama barabarani kukisoma. Mmoja alikisoma mara mbili.

Ni mimi mjomba wako,
Injinia

26 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilinikuta dobini, mikono ikiwa na povu mpaka viwikoni, nikaisoma mtu mwingine akinishikia. Wenzangu wanaofua nami mashuka ya hospitali wameifanya kuwa redio yao: wakati wa chai lazima niwasomee. Habari ya kabati wameikubali nusu. Wameomba kujua ni nusu ipi.

Mimi sijambo. Vidole vimekuwa vyeupe na kukunjamana kwa sababu ya sabuni, nikiviangalia naona kama nimeviazima kwa mtu. Wodini tumekatazwa kuingia bila kubisha, kwa hiyo kutwa nzima nasukuma kigari cha mashuka mlango hadi mlango nikisema hodi, hodi, hodi. Hata nikifika kitandani kwangu karibu niseme.

Nimefurahi kwamba umepata la kufanya. Nakuuliza mawili tu.

La kwanza, chumba changu. Kile cha kati. Siku naondoka nilisimama mlangoni na sanduku langu, wewe na Bibi mkasema hata nikirudi kichwa kimejaa mvi kitakuwa changu. Sina kingine popote, Mjomba. Huku nalala kitanda cha juu kwenye chumba cha watu wengi, na nikitaka kulala nafumba macho nakiwaza kile.

La pili, mshale wa kibao unaonyesha nyuma. Nyuma ya nyumba kuna nini zaidi ya stoo? Wewe unalala wapi?

Mpwa wako,
Pini

20 Machi

Pini, mpwa wangu ninayempenda kuliko wapwa zangu wote (ashukuriwe aliyekuumba uko peke yako),

Nafurahi kusikia mashuka ni mengi, palipo na mashuka pana watu na palipo na watu pana mshahara. Waambie hao wa dobini kabati lilikuwa na kioo pia, nilisahau kukiandika. Paka amewahamisha watoto kutoka stoo, sijui kaudhika na nini.

Kuhusu chumba chako: chumba chako kipo. Hakijaenda popote. Vyumba havina miguu.

Kuhusu ninapolala: mtu mwenye nyumba nzima ataulizwaje anapolala?

Sasa sikia biashara inavyokwenda. Nyumba ilijaa kabla rangi haijakauka, mpaka mpangaji wa kwanza ametembea wiki nzima na samawati kwenye makalio. Huyo ni fundi saa. Amehamia na saa za ukutani za wateja wake, na hakuna mbili zinazokubaliana, ukipita mlangoni unadhani ni wake wenza. Vyumba viwili vya pembeni nimewapa mwalimu na mkewe, watu wa adabu, wanasemezana chini chini kana kwamba wanasahihisha madaftari. Fundi saa amechukua kilichobaki. Sebule wanatumia wote, na kiti cha Bibi nimekiacha palepale kuwapa heshima.

Jambo moja dogo la kuchekesha. Dalali alinionya: ukishapangisha, usiingie ovyo kama zamani, piga hodi, hiyo ndiyo tofauti ya mwenye nyumba wa kisasa na wa kienyeji. Basi adhuhuri moja nikavaa koti, nikaenda kusimama mbele ya mlango wangu mwenyewe, mlango ambao komeo lake nililigonga kwa nyundo yangu, nikaita, "Hodi!" Usiniulize nilivyojisikia. Nilijiona mkubwa kuliko mlango.

Ndani mtu akanijibu, kwa upole kabisa: "Karibu, mgeni."

Nikafuta miguu. Tangu nizaliwe sijawahi kufuta miguu kuingia nyumba ile, lakini siku hiyo nilifuta, nikaingia. Hapakuwa na mtu. Mwalimu yuko shule, mkewe yuko sokoni kwenye vitambaa vyake, fundi saa yuko kibandani, chumba chake kimefungwa na saa zinagombana humo peke yake. Nikaangalia nyuma ya kabati. Nikaangalia hata ndani ya ndoo, upumbavu mtupu. Nikasema ahsante, nikatoka.

Nimelifikiria kitaalamu. Kuta zile nilizipiga lipu mimi. Lipu ikiwa bora sana, ukuta unakuwa kama ngoma, unarudisha sauti, na ukiwa na akili unarudisha na jibu. Hakuna fundi mwingine aliyewahi kufika hapo.

Mjomba wako,
Injinia na Mwekezaji

11 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nimewasomea wenzangu barua mpaka kwenye hodi, halafu nikaikunja. Wakaniuliza mbona nimekatisha. Nikasema ukurasa umeloa.

Kwanza hesabu. Nyumba ina vyumba vitatu. Mwalimu na mkewe viwili, fundi saa kilichobaki. Kilichobaki ni changu. Sikasiriki, ila ungeniambia kwa maneno yake, si kwa miguu ya vyumba. Na wewe unalala stoo, usikatae. Paka hakuudhika bure.

Sasa hilo jingine. Umesahau Bibi alivyokuwa kuhusu hodi? Nikitoka shule nikajisahau nikapiga hodi mlangoni, alinirudisha mpaka barabarani. "Hodi ya nini? Wewe mgeni? Rudi uingie vizuri." Hata wewe na ndevu zako, siku ile umelewa ukapiga hodi, alikufungia nje mpaka ulipokumbuka kusukuma mlango. Mtu wa nyumbani hakupiga hodi na hakuambiwa karibu. Aliingia tu, na Bibi akamuuliza alikuwa wapi muda wote huo. Kugombezwa ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Mjomba, ile ni nyumba yako. Ulikwenda mlangoni ukaomba ruhusa, na mtu akakupa. Aliyekupa ni nani? Na sasa, kwa nyumba ile, wewe ni nani?

Labda ni usingizi mchache unanifanya niandike hivi. Huku wameleta mashine kubwa za kufulia, mbili kwa mpigo, zinatetemesha sakafu. Watu wanazizunguka kuziangalia. Mimi sijambo.

Usipige hodi tena pale.

Pini

29 Mei

Mpwa wangu,

Barua yangu imechelewa, nilikuwa nimebanwa na shughuli za uwekezaji. Salamu zako zimefika. Jirani anakusalimu. Hongereni kwa mashine.

Stoo ni pazuri. Nimepapanga upya. Mtu mkubwa halali pakubwa. Kuna sehemu moja tu inayovuja na nimeijua, nalaza kichwa upande mwingine.

Nilipata barua yako nikacheka, nikasema huyu mtoto sabuni imemwingia kichwani. Kwa hiyo niliendelea kupiga hodi, nikuonyeshe hakuna kitu. Na kweli hakuna kitu. Isipokuwa haya.

Fundi saa alinikuta kwenye bomba la maji akanisifia. Akasema mwenye nyumba, wewe una hadithi, jana sebuleni umetuvunja mbavu. Nikamwambia jana sikuingia ndani. Akadhani natania. Akanisimulia hadithi niliyowasimulia: ya kabati. Ya kwangu kabisa, mpaka jirani kuinama. Ila alisema makabati mawili, moja kila bega. Nikasimama pale na ndoo yangu. Mtu ananiibia hadithi halafu anaitia chumvi kunishinda mimi! Nilikasirika kuliko nilivyoogopa, na kuogopa sikuogopa.

Basi nikaenda kuhakikisha. Nikapiga hodi. Mke wa mwalimu akatokea, mwanamke ninayemsalimia kila siku, mwanamke niliyempa ufunguo kwa mkono huu. Akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Shikamoo mzee. Unamtafuta nani?"

Nikamwambia acha masihara, mimi ndiye mwenye nyumba.

Akageuka akatazama ndani, kule kwenye kiti cha Bibi, kama mtu anavyomtazama aliyekaa. Akasema, "Ngoja nimuulize." Akaingia, akarudi, akafungua mlango wote kwa adabu. "Anasema pita tu. Karibu, mgeni."

Nikapita. Kiti kilikuwa kitupu. Nikakikalia kwa nguvu, nikasema kimoyomoyo, hiki ni cha mama yangu.

Kilikuwa na joto, Pini. Kama kimetoka kukaliwa na mtu wa uzito wangu.

Mke wa mwalimu akaniletea maji kwenye glasi ya wageni. Nikayanywa. Ningefanyaje?

Nadhani ni hali ya hewa. Mjomba wako.

14 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nakuja. Nimeomba likizo, nitashuka stendi tarehe tatu Julai na basi la mchana. Usimwambie fundi saa ahame, nitalala popote. Nataka tu kuiona nyumba, na kukuona wewe ukiwa umesimama ndani yake.

Mambo mengine nitakueleza tukionana.

Pini

30 Julai

Mjomba, shikamoo.

Nilifika salama. Sanduku lilikatika mpini njiani. Wenzangu waliokuwa wanakusubiri kwenye chai hawapo tena, kwa hiyo barua zako sasa nazisoma peke yangu.

Tuliagana pale stendi kama watu wawili waliotoka kumzika mtu wasiyemjua. Wewe ulisimulia ile hadithi yako ya zamani ya pampu, mimi nikacheka mahali pa kuchekea. Hatukusema. Sasa nasema, kwa kuwa kwenye karatasi uso wako siuoni.

Tulipofika mlangoni ile siku ya kwanza, wewe ulikuwa nyuma yangu, umebeba sanduku langu kichwani, unahema. Mimi nilikuwa nimechoka, na mdomo wangu umekuwa mdomo wa wodini. Nikakunja kidole nikagonga. "Hodi." Lilitoka lenyewe. Nikakumbuka Bibi, nikataka kurudi barabarani nianze upya.

Sauti ikasema ndani, "Karibu, mgeni."

Ilikuwa sauti yako, Mjomba. Si ya kufanana. Ilikuwa na kile kikohozi chako kidogo mbele yake. Na wewe ulikuwa nyuma yangu na sanduku kichwani, pumzi yako naisikia shingoni.

Ukalishusha sanduku ukasema rangi mpya inarudisha sauti. Nikatikisa kichwa kukubali. Mwalimu na mkewe wakanipokea vizuri, wakaniita mgeni wa mwenye nyumba, wakanipitisha mbele ya mlango wa chumba changu. Saa za fundi zilikuwa zinalia humo. Sikuweza hata kukumbuka kitanda changu kilikaa upande gani. Mimi nimezaliwa mle, nikasimama ukumbini sijui choo kiko wapi, nikaonyeshwa. Ulidhani nilikataa kulala ndani kwa kukuonea huruma wewe wa stoo. Hapana. Nilikataa kwa sababu nyumba ilikuwa inanisahau kadiri nilivyokaa.

Na kuna nililokuficha mimi. Haikuwa likizo. Zile mashine mbili zinafua kazi yetu wote. Nilifunga safari nikiwa nimekwisha kuachishwa, na nilikuja kuomba chumba changu. Sasa najibanza kwa mwenzangu mmoja, mpaka mwisho wa Septemba atakapoolewa. Baada ya hapo sina mlango hata mmoja duniani wa kuingia bila kubisha, kama si ule.

Kwa hiyo fanya hivi. Wape wapangaji notisi, kwa adabu, si kosa lao. Ng'oa namba milangoni. Ondoa kibao. Halafu uingie ndani bila hodi, na miguu michafu, kama unavyoingia kwako. Kaa. Usitoke. Na ukisikia hodi, yoyote, usiijibu.

Pini

2 Septemba

Pini,

Nimefanya uliyosema.

Mwalimu na mkewe walielewa. Fundi saa alishangaa, akasema mbona jana mwenye nyumba kamwambia akae hata milele. Nikamwambia mwenye nyumba ni mimi. Akanitazama muda mrefu, kama anavyoitazama saa ambayo mtu kamwambia ni nzima. Akafungasha.

Nikang'oa namba. Zimeacha matundu. Kibao nimekipasua kuni.

Kisha nikaenda mlangoni. Ulimi umezoea, neno lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye meno. Nikalimeza. Nikasukuma mlango, nikaingia na matope yangu mpaka sebuleni, nikasema, nimerudi. Hakuna aliyejibu. Nikakaa kwenye kiti. Kilikuwa cha baridi. Sijawahi kufurahia baridi ya kiti namna ile.

Jioni ya siku hiyo nikasikia hatua zinatoka upande wa stoo. Zikafika mlangoni. Akapiga hodi. Sauti ni yangu, na kikohozi. "Hodi hodi, Injinia nimefika." Sikujibu. Akaita mara tatu, kwa heshima, akarudi alikotoka. Asubuhi nikachungulia dirishani. Mkeka wangu niliouacha stoo umekunjwa umesimamishwa kwenye ukuta wa nje wa stoo, kama ninavyoukunja mimi.

Kila siku anakuja. Hagombi, hasukumi mlango. Anapiga hodi tu.

Kabati sikulinyanyua, Pini. Nilitoa nguo kwanza, na jirani alinishikia upande mmoja. Sijui kwa nini nakuandikia hilo. Zile hadithi zote sina tena hamu nazo, nikizitafuta kinywani sizioni. Nadhani zimebaki kwake.

Jana ilinyesha. Stoo inavuja palepale, najua tone lile linavyoanguka. Akapiga hodi meno yakimgongana. Nikashika mdomo kwa mikono miwili. Adabu ni kitu kibaya, mtu akikubishia kwenye mvua mdomo unafunguka wenyewe. Na ile baridi mimi naijua, nimeilalia.

Sitoki. Barua hii nampa jirani dirishani.

Chumba chako nimekifagia. Kitanda kilikuwa upande wa dirisha.

Mjomba wako

2 Septemba

Mpwa wangu Pini, ua la ukoo, mkuu wa madobi,

Salamu zangu zije mbio kama nijavyo mimi. Mjomba wako ni mzima wa chuma, yule yule aliyenyanyua makabati mawili, moja kila bega, majirani wakainama mtaa mzima. Nakuandikia kutoka stoo, na usidhani nalalamika, stoo hii nimeifanya kuwa ya kimataifa.

Nimefanya kila ulichoagiza. Wapangaji wameondoka wakilia, fundi saa alinishika miguu. Namba nimeng'oa kwa meno.

Ila kuna jambo. Mtu ameniwahi. Nilipomaliza kuwasindikiza wapangaji nimerudi nikakuta mlango umefungwa, na ndani kuna mtu amekalia kiti cha mama yangu. Namsikia anakohoa. Anakohoa kama mimi, mwizi huyu. Kila siku nampigia hodi kwa heshima, maana mimi ni mtu wa heshima, na hajibu. Jana nimenyeshewa mpaka mifupa ikalia. Hata neno moja hakunipa, na lile neno halina gharama.

Nimempa jirani barua hii aitume. Ati ananiambia mbona asubuhi nimeshampa nyingine. Jirani anazeeka.

Njoo, Pini. Wewe ni mtoto wa nyumba, kwako atafungua. Ukifika simama mlangoni piga hodi, akikujibu tu, nami nitakuwa nyuma yako, nimebeba sanduku lako.

Mjomba wako wa pekee,
Injinia

20 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Nimepata barua zako mbili siku moja. Stempu sawa, wino sawa, ile h yako inayofanana na kiti iko kwenye zote. Nimeziweka kitandani sambamba nikazisoma mpaka mwenzangu akauliza kama nimefiwa.

Mmoja wenu ameandika makabati mawili. Ningeweza kusema basi huyo siye. Lakini nakujua, Mjomba. Kufika Septemba hata wewe ungekuwa umefikia mawili. Na mwingine ameandika hakunyanyua hata moja, na huyo pia simjui, mjomba wangu hajawahi kukiri hivyo tangu nizaliwe.

Kwa hiyo barua hii nimeiandika mara mbili, maneno yale yale. Jirani atapitisha moja dirishani, nyingine ataisukuma chini ya mlango wa stoo. Sina siri na yeyote kati yenu.

Nashuka stendi mwisho wa mwezi huu. Msije kunipokea, sanduku langu nitalibeba mwenyewe. Sitapiga hodi. Mikono nitaitia mifukoni, ulimi nitauuma, nitasukuma mlango kwa bega na kuingia na vumbi langu lote la safari. Kama umefungwa kwa komeo, nitakaa kizingitini mpaka ufunguke, lakini hodi hainitoki.

Huyo mwingine nimemfikiria sana kwenye foleni za kutafuta kazi. Hana ubaya, nadhani. Alizaliwa siku ile ulipovaa koti ukaomba ruhusa ya kuingia kwako. Anajua hadithi zako zote na kikohozi chako, lakini nyumbani hapajui, kwa sababu hajawahi kuwa na kwao. Anachojua ni kuomba kuingia na kukaribisha. Ndiyo maana nathubutu kumwandikia na yeye. Ataisoma hii, ataelewa, na siku hiyo hataweza kujizuia kusema karibu.

Bibi alikuwa ananiuliza nilikuwa wapi muda wote huo. Niulize hivyo hivyo. Niambie nimekonda, nimechelewa, nimeingia na matope, sanduku gani hili halina mpini. Nigombeze mpaka jirani asikie. Nimekuja kwa ajili ya hilo tu.

Na kama itanyesha, na nikaloa pale mlangoni, na moyo ukakuuma, shika mdomo kwa mikono miwili kama ulivyofanya.

Kama ni wewe, Mjomba, usinikaribishe.

Pini